Si Yangu, ni ya Dereva

Niliondoka asubuhi wenzangu wakiwa bado wamelala, na kama mtu angenisimamisha langoni akaniuliza naelekea wapi, ningemwambia naenda kununua mkate. Nilikuwa na begi mgongoni lenye nguo na chaja, na viatu vya kazi nilivyovifunga kwa kamba zake vikaning'inia nje. Hakuna anayekwenda kununua mkate huku viatu vya kazi vikimgonga kiunoni, lakini huo ndio uongo niliokuwa nimeuandaa. Mlinzi wa nyumba, Mbangladeshi tuliyemwita natur kama Waarabu wanavyowaita walinzi wa namna hiyo, alikuwa akimwagia maji vumbi la uani. Alinitazama, akavitazama viatu, akarudi kwenye mpira wake wa maji.

Nikapinda kushoto kwa sababu upande huo kulikuwa na kivuli cha ukuta. Huo ndio uliokuwa mpango wangu wote.

Kuondoka asubuhi si jambo geni kwangu. Niliacha shule kidato cha pili, na watu wa nyumbani husema ni karo, ila ukweli ni kwamba kulikuwa na lori linaelekea Isiolo na mwenyewe alitaka mtu wa kushikilia turubai. Nilitaka kuona Isiolo kukoje. Baada ya Isiolo nikataka kuona kwingine. Nimechimba mchanga, nimechunga ngamia wa watu bila kujua hata namna ya kumfunga ngamia, nimefagia kambi ya watalii kando ya ziwa, na mwishowe nikapanda ndege kwenda Doha kwa viza ambayo watu huiita ya bure, yaani una kafili, mwajiri anayekudhamini, kwenye karatasi lakini kazi unajitafutia mwenyewe. Kote huko niliondoka kwa sababu nilitaka kujua kilichoko mbele. Asubuhi ile ya Mesaimeer, mtaa wa Doha tulikoishi, ni ya kwanza niliyoondoka kwa sababu nilishindwa kukaa na watu walionijua.

Tuliishi kwenye vila ya zamani iliyokatwakatwa kwa mbao laini mpaka sebule ikazaa vyumba vinne. Chumba chetu kilikuwa cha Wakenya na Mganda mmoja. Mkubwa wa chumba tulimwita Afande. Hakuwahi kuwa polisi wala mwanajeshi, alikuwa mlinzi kwenye jengo moja refu la West Bay, lakini siku nzima alisimama wima kwenye ukumbi wa marumaru, na ule usimamaji alirudi nao nyumbani. Yule Mganda alikuwa mhudumu wa hoteli, mtu wa mzaha, aliyeweza kumwiga kila meneja aliyepata kumfokea. Na kulikuwa na dereva, Mkisii, mtu mzima kuliko sisi wote, aliyeendesha gari la familia moja ya Kiqatari: watoto shuleni, mama mwenye nyumba sokoni, bibi kizee hospitalini. Kwa kafili wake kulikuwa na chumba cha dereva nje, kama kawaida ya nyumba hizo, lakini alikuwa ameomba ruhusa ya kulala na watu wa kwao, na mama mwenye nyumba akamkubalia. Ruhusa hiyo aliitunza kama watu wengine wanavyotunza pasipoti. Alisema mle ndani kwa kafili angesahau kuongea.

Mimi nilikuwa nikibeba miche kwenye kitalu. Miaka ile mji mzima ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya reli na viwanja, na popote walipomaliza kuchimba walitaka maua. Tulipanda petunia kwenye mizunguko ya barabara joto lilipopungua, zikachanua zambarau na nyeupe kama kitambaa cha meza, na joto liliporudi zikaungua zote ndani ya wiki chache, tukazing'oa. Mwaka uliofuata tukapanda petunia zilezile. Nilimuuliza msimamizi kwa nini tunapanda ua ambalo tunajua halipendi mahali hapa. Akaniambia nibebe trei.

Maswali kama hayo ndiyo yaliyonifanya nijue mambo ya bangi. Kule kambini kando ya ziwa kulikuwa na mgeni mmoja Mzungu aliyekuja kwa wiki moja akakaa mwaka. Nyuma ya hema lake alikuwa na mimea yake, na kwa kuwa mimi ndiye niliyefagia upande huo, nikaishia kuimwagilia maji. Simtaji kwa kujisifu. Nilijua ni nini, na nilimwagilia. Lakini kilichonivuta hakikuwa moshi, kilikuwa maelezo yake. Alisema bangi ya kawaida huhesabu mwanga: ikiona usiku unarefuka, inajua msimu unaisha, ndipo itoe maua. Ila kuna aina nyingine iliyotokea nchi za baridi kali, ambako kiangazi ni kifupi sana hata mmea hauwezi kungoja. Hiyo haihesabu mwanga. Inahesabu umri wake tu. Ikitimiza wiki zake inatoa maua, iwe jua la namna gani, hata kama imefika magotini tu. Watu wakaichanganya na ile ya kawaida, wakapata mbegu inayochanua yenyewe.

Na mbegu hizo zilimshinda. Hilo ndilo nililolipenda zaidi katika habari yote. Alikuwa amezinunua kwa kuangalia picha, za mmea mfupi uliotokana na baridi kavu, akazileta kwenye ziwa lenye ukungu kila alfajiri na mvua ya kila jioni. Maua yalikuja kwa wakati wake, manene, yamebanana, na ndani yake maji yakakaa, yakaoza yakawa ya kijivu. Wakati huohuo ile bangi ndefu ya wenyeji, yenye maua yaliyoachana ambayo upepo hupita katikati, ilisimama mvuani bila shida. Mzungu alikaa kwenye kiti cha turubai akitazama uozo, akasema laiti angeuliza kwanza mvua ya hapa ikoje ndipo achague mbegu. Nikaona ametoka mbali kujifunza jambo ambalo mama yangu hulifanya kila msimu akichagua mahindi.

Hadithi hiyo niliisimulia chumbani jioni moja tukiwa tumekaa sakafuni na sinia la wali. Niliisimulia vizuri. Nilipima urefu kwa mkono kwenye goti langu. Nilisema, "Kuna bangi isiyongoja mtu," na yule Mganda akacheka hadi akapaliwa, akasema, "Hiyo ni kama mimi na mshahara." Dereva naye akacheka. Afande hakucheka. Aliendelea kula, akauliza tu, "Na hiyo inamea hata kwa joto?" Nikajibu, kwa kuwa nilipenda kujibu, kwamba joto si tatizo kubwa, unyevu ndio tatizo. Tangu siku hiyo wakaniita Mtaalamu.

Miezi kadhaa baadaye mke wa dereva alimpa mtu aliyekuwa akirudi kutoka likizo kifurushi: majani ya chai, kanga ya kumpelekea mama mwenye nyumba, na kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake mbegu ndogo nyeusi kama baruti. Dereva alikuja nazo kwangu kiganjani.

"Mtaalamu, hii itashika hapa?"

"Ni nini?"

"Chinsaga, bwana. Mboga ya kwetu. Nyinyi mnaiita nini? Saga, mgagani, sijui."

Niliifahamu. Nikamwambia kwamba watu wengi hapa huhangaika na sukuma wiki, wanaipanda vibaya ikaungua kama petunia, lakini mgagani ni mtoto wa jua. Unapenda joto, hauogopi ukame, na ndani ya wiki chache unachuma. Niliongea mpaka akanisimamisha. Nikampatia mchanga uliotupwa kitaluni na ndoo za rangi nilizozitoboa chini. Tukazipanga juu ya paa, nyuma ya matangi ya maji, ambako dishi za televisheni zilitoa kivuli cha mchana. Maji hatukuhangaika nayo: viyoyozi vya nyumba nzima vilidondosha maji usiku na mchana, nami nikaweka madumu chini ya mabomba yake. Kila nilipotoka kazini nilipanda kumwagilia hata kabla sijavua viatu. Nilikuwa na furaha kule juu. Dereva alikuwa na zamu ndefu, kwa hiyo siku nyingi mimi ndiye niliyeiona ile mimea, mimi ndiye niliyejua ndoo ipi imechelewa.

Mgagani ulifanya kama nilivyosema. Nilimshauri akate vichwa kila unapotaka kuchanua ili majani yaendelee kuja, lakini alitaka mbegu zaidi, akaacha ndoo mbili zijiendee. Zikachanua zikiwa zimefika magotini.

Sasa, anayeujua mgagani anajua jani lake. Limetawanyika kama vidole vitano vya mkono. Shina lina vinywele vinavyonata, na ukilishika harufu yake hukaa kwenye vidole. Mtu aliyezaliwa mjini ameukuta sahanini, umechemshwa na maziwa, mweusi na mchungu, lakini hajauona umesimama. Afande alizaliwa mjini.

Ijumaa moja mchana yeye na Mganda walipanda juu kugeuza dishi, maana kulikuwa na mpira. Mimi nilikuwa chumbani nikifua. Niliwasikia wakishuka haraka kuliko walivyopanda. Dereva alikuwa kazini, Ijumaa familia yake ilitembelea ndugu. Wengine wawili watatu walikuwa ndio wamerudi kutoka kanisani, bado wana mashati yao meupe.

"Ssebo," Mganda alisema mlangoni, "nimeenda kutafuta mpira nimekuta Mabira! Msitu!"

"Wacha mchezo," Afande akasema. Akafunga mlango. "Nani amepanda hiyo kitu huko juu?"

Mtu akauliza kitu gani.

"Bangi. Imetoa na maua." Akanigeukia. "Mtaalamu. Si ni wewe ulituambia kuna bangi ya kutoa maua ikiwa kwa magoti? Hiyo iko hapa." Akapima gotini kwake, palepale nilipopima mimi. "Na natur ameshaiona. Amepiga picha. Anaita mandubu, wakala wa mwenye vila hii, sasa hivi. Mnajua hapa kwa hiyo kitu mtu haendi nyumbani, anaenda ndani kwanza. Na polisi wakiingia watauliza kitambulisho, bataka ya kila mmoja."

Walinitazama wote. Nilikuwa nimeshika shati lenye povu. Nilimfikiria kafili wangu niliyemwona mara moja tu, nilifikiria karatasi zangu, nilifikiri kwamba kila mtu chumbani amenisikia nikieleza bangi kama mwalimu. Ningeweza kusema, "Afande, huo ni mgagani, twende nikuonyeshe." Ni sentensi fupi. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema:

"Si yangu. Ni ya dereva."

Hakuna neno la uongo hapo. Mbegu zilikuwa za dereva, zimetumwa na mke wa dereva. Lakini nililisema kwa namna ambayo kila aliyesikia alijua nimekubali kwamba ni bangi, na nimeonyesha mwenyewe. Afande akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Yule mzee mpole," mmoja akasema. "Ndiyo hao," akajibu mwingine. Mganda peke yake aliniangalia kwa muda, akasema polepole, "Lakini wewe ndiye hupanda huko juu na ndoo kila siku."

"Ananituma," nikasema. Hata hilo nililisema.

Nilirudia kufua. Nilisuuza lile shati mara nyingi kuliko shati linavyohitaji. Nilijiambia kwamba dereva akija atajieleza, ni mboga tu, itaonekana. Nilijiambia hivyo huku nikijua kwamba mtu anayeshikwa na kitu kama hicho huulizwa baadaye, tena kwa lugha asiyoijua, na kwamba wakati anaulizwa mtu mwingine anaendesha gari lake.

Mandubu alifika alasiri, kijana wa Kisudani mwenye kanzu nyeupe na funguo nyingi. Natur akamwonyesha simu akirudia, "Hashishi, sadiki, hashishi." Mandubu akauliza ni ya nani, Afande akamtajia dereva na kafili wa dereva, na palepale uani kijana yule akapiga simu kwa kafili kwa sababu alitaka kujua mtu huyu anakaa hapa kwa ruhusa ya nani. Nilisikia lile neno likienda kwenye simu, na sauti ya mwanamke upande wa pili ikipanda. Haukupita muda dereva akaingia langoni, akiwa bado ameshika funguo za gari, akiwa ameambiwa arudi mara moja. Tukapanda juu sote.

Alipoona tunachokizunguka alicheka. Kicheko halisi, cha tumboni. "Chinsaga? Mnataka kunifunga kwa chinsaga?" Akanitafuta kwa macho katikati ya watu. "Mtaalamu, si uwaambie."

Wallahi nilifungua mdomo. Lakini mandubu alikuwa ameshachuchumaa kwenye ndoo. Akakata jani, akalinusa. Akavunja ganda jembamba lililosimama kama ganda dogo la kunde, mbegu nyeusi zikamwangukia kiganjani. Akaanza kutabasamu.

"Hii tamaleka," akasema kwa Kiarabu cha kwao, kisha akatuambia kwa maneno machache ya kila lugha tuliyoishiriki kwamba mama yake huipika na karanga zilizosagwa, na kwamba tangu aje Doha hajaiona hata siku moja. Akatafuna jani bichi, akakunja uso kwa uchungu wake, akacheka. Natur akapiga hatua nyuma.

"Jobyo!" Mganda akapiga paja. "Ee! Kumbe ni jobyo! Nimekula hii maisha yangu yote, sijawahi kuiona ikiwa hai!"

Hapo ndipo mimi nikaongea. Nilieleza kwamba jani la bangi lina meno pembeni kama msumeno na hili halina, kwamba bangi haitoi maua meupe yenye nyuzi ndefu, wala haizai maganda. Yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa yamechelewa. Nilipomaliza Afande akasema, "Sasa ndiyo unajua?"

Dereva hakuelewa. Akamtazama Afande, akanitazama mimi. Mganda ndiye aliyemwambia, kwa sauti ya chini na bila mzaha wowote, nilichosema mchana. Alimwambia na lile la kutumwa.

"Ulijua ni chinsaga," dereva akaniambia.

"Nilijua."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya nayo.

Polisi hawakuitwa. Mandubu alisema ndoo ziondoke, kwa sababu watu wa baladiya, yaani manispaa, wakipanda juu hawataonja kwanza, na akampigia tena kafili kueleza kwamba ni mboga. Mama mwenye nyumba aliamini. Lakini bibi kizee wa nyumba ile alikuwa ameshasikia kwamba mtu anayewapeleka wajukuu zake shuleni anapanda hashishi kwenye paa la watu wasiojulikana, na alitaka awe anamwona. Dereva akaambiwa ahamie kwenye chumba cha nje cha kafili, kuanzia siku hiyohiyo. Kazi ilibaki, nchi ilibaki, ila jioni zake na watu wa kwao zilikwisha.

Kabla hajaenda aling'oa mimea yote mwenyewe. Alikaa kwenye ngazi akachambua majani, mengine akampa Msudani kwenye mfuko, mengine akayachemsha jikoni kwetu, akamwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, akayatia maziwa ya mtindi. Akasonga ugali. Akawaita wote. Afande alikula akaomba kuongezwa, akasema kwa aibu yake ya kijeshi, "Mzee, utuwie radhi." Dereva akamjibu, "Wewe hukujua. Kula." Mimi nilikuwa nimekaa kitandani. Alinisogezea sahani, akaiacha karibu na mguu wangu, akaenda kufunga begi lake. Niliishika sahani ile mpaka ikapoa. Baadaye Mganda aliichukua akaila.

Baada ya hapo jina la Mtaalamu likafa. Wakaanza kuniita Si Yangu. "Si Yangu, hiki kikombe ni cha nani?" "Si Yangu, umeacha bomba wazi, ama ni dereva?" Walikuwa wakicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kibaya, vyumbani kule kila mtu alikuwa na la kuchekwa. Afande alikuwa amekosea zaidi yangu mbele ya watu wote, na alishachekwa, akacheka naye, ikaisha. Yangu haikuisha kwa sababu niliposikia jina lile sikuona mzaha ndani yake. Nikaacha kupanda juu. Nikaacha kuuliza maswali kazini. Kisha ikaja asubuhi ile ya mkate.

Kivuli cha ukuta kiliisha, nikavuka barabara kutafuta kingine. Nilipita karibu na lango la uwanja wenye makanisa yote ya mji, siku hiyo halikuwa na watu, walinzi wawili tu na mlundo wa viti. Jua lilikuwa limeshapanda. Nikadandia basi bila kusoma limeandikwa nini mbele, nikashuka lilipoanza kupita mitaa ya majumba yenye kuta za rangi ya mchanga. Nadhani ningekuwa mwongo nikisema sikujua niko wapi. Dereva aliwahi kunionyesha nyumba ile tulipopita na lori la kitalu: lango la kijani, mti wa damas uliokatwa mraba. Miguu yangu ilijua. Mimi nilijifanya sijui mpaka nikafika.

Alikuwa nje akiosha gari, suruali imekunjwa. Aliponiona hakuzima maji.

"Umefukuzwa?"

"Nimetoka."

"Unaenda wapi?"

"Sijui."

Alivitazama viatu vilivyoning'inia. "Mtu mzima. Unatoka kwa nyumba na hujui unaenda wapi." Akasuuza gurudumu la mbele. "Umekuja kuniomba msamaha?"

"Ndiyo."

"Basi omba. Bibi akitoka ataniuliza wewe ni nani."

Nikaomba. Nilikuwa nimepanga maneno kwenye basi, yote yakapotea, nikasema tu kwamba niliogopa, na kwamba kuogopa haikuwa sababu. Maji yaliendelea kumwagika miguuni kwetu. Mtoto mmoja wa nyumba ile alichungulia langoni, akamwita dereva kwa Kiarabu, dereva akamjibu kitu kilichomchekesha.

"Sijakusamehe," akaniambia mtoto alipoingia. "Nisikudanganye. Nikilala kwa kile chumba nasikia kiyoyozi peke yake, nakukumbuka vibaya. Labda itaisha, sijui." Akazima bomba, akajifuta mkono kwenye shati, akatoa simu. Aliongea Kikisii, maneno mengi sikuyaelewa, lakini katikati alichanganya Kiswahili, kama watu wote tunavyofanya, na nikamsikia akisema, "Hapana, si wa kwetu. Ni mtu wangu. Mpe kitanda."

Niliyatazama maji yakiingia kwenye mfereji. Sikuweza kumtazama yeye.

"Al Sadd," akasema. "Nyuma ya maduka ya simu, kuna dobi chini, unapanda ngazi za nje. Uliza Mkisii wa hospitali. Na uende sasa, kabla jua halijakuua barabarani nilaumiwe tena."

Nilipata. Dobi alikuwa akipiga pasi kanzu mlangoni, mvuke ukitoka hadi barabarani, ngazi za chuma zilikuwa za moto hata kuzishika. Mwenye chumba alikuwa nesi, amerudi kutoka zamu, bado ana sare. Kilikuwa chumba safi chenye vitanda vya ghorofa na dirisha linaloangalia ukuta. Wenzake wawili walikuwa wakila mikate. Alinikaribisha maji, akaniuliza ninakofanya kazi, akaniuliza jinsi tunavyojuana na dereva, kwa kuwa mzee yule hapendekezi watu ovyo.

Nikawaeleza. Nilianza na mbegu kwenye kitambaa na sikuruka yale maneno ya Ijumaa, wala lile la kutumwa. Mmoja wao aliacha kutafuna. Nilipomaliza nikaliokota begi nililokuwa nimeliweka mlangoni, maana nilidhani nitahitaji kulibeba tena.

Nesi akauliza, "Na yeye anajua umekuja hapa na hiyo hadithi?"

"Anajua. Ndiye aliyenielekeza."

"Basi kitanda ni hicho cha juu." Akanyoosha kidole. "Viatu vinakaa nje. Zamu ya kupika utapewa Jumamosi."

Nikatoa viatu nje, nikavipanga kwenye ngazi pamoja na vya wengine. Nikapanda kitandani nikiwa na nguo zangu zote, nikalala nimeugeukia ukuta, nikawasikia wakirudia kuzungumza mambo yao kwa sauti ya chini, kwa Kikisii, kana kwamba nimeshalala.